Swichi Zisizo na Kitufe

Wiki jana mliniacha mlangoni kwa mama mkwe wangu, nguo zetu zikiwa ndani ya magunia ya unga na nywele zangu zikinuka moshi.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi ni mwokaji wa mikate. Chumba tulichokuwa tumepanga kiliungua. Hakikuunguzwa na oveni, kama mtaa unavyopenda kusimulia. Kiliunguzwa na waya nilioukunja kwa mikono yangu, kwa sababu sikutaka kumbembeleza fundi. Oveni yenyewe ilipona, ikababuka ubavu mmoja. Mke wangu aliniapisha pale pale, majivu yakiwa bado ya moto, kwamba sitagusa waya tena maishani. Nikaapa.

Mama mkwe alitupokea. Akamkumbatia bintiye, akapapasa tumbo lake la miezi sita, kisha akanigeukia.

"Karibuni. Chumba cha nyuma ni chenu. Ila humu ndani mwangu oveni haiingii."

"Ndiyo, Mama."

Na kweli, ndani haikuingia. Iliingia uani.

Nyuma ya nyumba ile kuna ngazi za saruji zinazoshuka uani, na huko chini kuna kibanda cha pampu ya maji. Magoti ya mama mkwe hayakuziweza zile ngazi. Kibandani kuna soketi moja tu, yenye waya mnene kuliko waya wowote wa nyumba nzima. Asubuhi pampu hujaza tangi. Mchana, mama mkwe akishapanda teksi kwenda kliniki kwenye mazoezi ya magoti, mimi nachomoa pampu, nachomeka oveni.

"Ukikamatwa, mimi sijui kitu," mke wangu aliniambia.

"Wewe ndiye uliyenishikia mlango nikiiingiza."

"Nilikuwa napunga upepo."

Sikuwa naoka kwa ukaidi tu, ingawa ukaidi ninao na siukatai. Kuna mama mmoja anasimamia jiko la hosteli ya wanafunzi wauguzi. Wenzake wanamwita Mama Mizani, kwa sababu hatembei bila mizani ndogo ndani ya mkoba, na hakuna anachokipokea bila kukipima. Kwenye ukuta wa hosteli kuna duka dogo la mikate lililofungwa, na nyuma ya duka kuna chumba. Mama Mizani ndiye mwenye ufunguo.

"Nikiridhika na mkate wako, na nikiridhika na pale unapoupikia, ufunguo huu ni wako," aliniambia. "Ila nataka mtu aliye kwake. Mwokaji anayeoka kwa hisani ya watu, siku wakimnunia, wanafunzi wangu watakunywa chai kavu."

Ule ufunguo ndio niliokuwa nauota. Nilitaka mwanangu azaliwe akute mlango ambao baba yake anaufunga na kuufungua mwenyewe.

Mke wangu alikuwa akisikia habari za ufunguo, ananiambia neno moja.

"Kwetu si jela."

"Sijasema jela."

"Uso wako umesema."

Basi siku moja akapiga simu shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Anafanya kazi mbali, na hii nyumba ya mama yake inasimama kwa jasho lake, jambo ambalo hasahau kulikumbusha. Tangu aliponisikia nikighani beti zangu siku ya harusi yetu, hajaniita jina langu.

"Malenga! Mama anateseka na swichi. Kila akitaka taa au feni, mpaka ainuke, ashike kiti, ashike ukuta. Kuna swichi za kisasa siku hizi, unaziendesha umekaa. Mpeleke dukani mkachague. Si wewe ndiye mwanaume uliyepo hapo?"

Ile "uliyepo" iliniingia kama mwiba. Nikasema nitachagua swichi ambazo mtaa mzima utakuja kuzitazama.

Laiti ningechagua zile mbovu.

Dukani tulimkuta dada mmoja mwenye miwani, mcheshi, mwepesi wa maneno. Akatupangia aina tatu juu ya kaunta.

"Hii ya kwanza ni plagi ya kati. Unaichomeka kwenye soketi, kisha kifaa unakichomeka kwenye hii. Nzuri kwa feni, redio, taa ya mezani. Kifaa kizito usiiwekee, itayeyuka. Hii ya pili ni ya ukutani, ina kitufe kama swichi mliyoizoea, lakini inasikia simu pia. Simu ikizima, mtandao ukikata, unabonyeza kwa kidole. Hii ya tatu ni kioo kitupu. Haina kitufe. Inasikiliza simu na kisanduku cha sauti, kile unachokisemesha kikaiwasha, basi."

Mama mkwe akagusa ile ya pili. "Mimi nataka hii ya kubonyeza."

"Chaguo zuri, Mama," akasema yule dada. "Wengi wanaoogopa simu wanachukua hiyo."

Hapo ndipo nilipoharibu. Angesema "wazee wengi", au "watu makini wengi", nisingeinua kichwa. Alisema wanaoogopa.

"Sisi hatuogopi simu," nikasema. "Lete za kioo."

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "na siku simu ikiwa haipo?"

"Mama, kidole chako kipumzike. Utakuwa unasema tu, nyumba inatii."

"Nyumba itamtii nani? Hata wewe hunitii ukiambiwa ule."

Yule dada akacheka. Nikaona nikilegeza kamba hapo nitakuwa kichekesho cha duka. Nikakazana. Tukachukua za kioo kwa vyumba vyote.

"Kuna kifaa kizito?" akauliza dada. "Hita? Oveni?"

Mama mkwe alikuwa begani kwangu. Nikasikia shingo ikipata jasho.

"Pampu ya maji," nikasema.

"Pampu ya nyumbani? Hiyo swichi ya kawaida inatosha."

"Nipe nzito."

"Kaka, nzito ni ya mizigo mikubwa. Tena hii inapima umeme unaotumika na kumwonyesha mwenye akaunti kwenye simu. Kwa pampu ni kumvika kuku viatu."

"Nimesema nipe nzito!"

Mama mkwe akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Haya. Na nani nimsajili kuwa mwenye akaunti?"

"Mwanangu," akajibu mama mkwe.

Kwa nusu pumzi nilidhani ananisema mimi. Akafungua pochi, akatoa namba ya shemeji.

Fundi wa duka alikuja, akachimba kuta kupitisha waya ambao zile za kioo zinautaka na zile za kitufe hazikuutaka. Vumbi likatua hadi ndani ya sukari. Alipomaliza, akashika simu yangu kuniunganisha.

Nikatazama kioo cha simu. Pameandikwa: Mgeni.

"Hiki nini?"

"Kuna ngazi tatu," akasema fundi. "Mwenyewe, Mwanafamilia, Mgeni. Mgeni anawasha na kuzima tu. Hapangi kitu, hafuti kitu. Shemeji yako ndivyo alivyoagiza."

"Na Mama?"

"Mama ni Mwenyewe wa pili. Amesema hata hivyo simu hiyo ataitumia kupigia tu."

Mgeni! Mimi ninayebadilisha balbu za nyumba hii! Niliyezibua karo la jikoni kwa mkono wangu! Nilitamani kumrudishia fundi simu yangu aiweke kwenye mfuko wa takataka zake.

Nilichofanya ni kulipiza mahali pengine. Kile kisanduku cha sauti, kinachokaa ukutani kwenye ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, hufundishwa maneno kabla hakijafungwa. Fundi akapendekeza: "Sema 'washa sebule', 'washa feni', yanatosha."

"Nyumba haiamrishwi kama askari kwenye kwata," nikamwambia. "Lete nikifundishe."

Nikakifundisha beti. Kwa taa ya sebule: *Giza fungasha virago, wenye nyumba tumerudi.* Kwa feni ya mama mkwe: *Upepo njoo tupoe, mama ameshachemka.* Vyumba vyote nikavipa mistari yake, vina vimekaa, mizani imetimia. Na kwa ile swichi nzito ya kibandani, iliyoandikwa "Pampu", nikakinong'oneza mstari ambao nilimwambia mke wangu peke yake:

*Amka moto amka, unga umeshaumuka.*

Kisanduku kikatoa mlio mmoja. Kimekubali. Fundi akakifunga, akaenda zake.

Jioni ile mama mkwe alijifunza mistari kama anayemeza dawa.

"Yaani nikitaka feni, sharti nikiri kwamba nimechemka?"

"Ni ushairi, Mama."

"Ni matusi yenye vina."

Lakini aliisema. Na ule wa sebule akaja kuupenda kabisa. Jua likizama, anajiweka sawa kitini, anavuta pumzi, anatamka, "Giza, fungasha virago!" Kila akifika kwenye virago ananitazama mimi.

Shida zikaanza mapema. Akikosea neno, kisanduku kimya. Akiwa na mafua, kisanduku kimya. Jirani alikuja kuomba chumvi, akaingia msalani, mlango ukajifunga nyuma yake, akapapasa ukuta mzima akitafuta swichi, akakuta kioo kinachoteleza.

"Jamani! Taa ya humu inawashwa wapi?"

"Soma shairi!" mama mkwe akampigia kelele kutoka sebuleni.

"Shairi gani? Nimekuja chumvi mimi!"

Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo. Mimi nikacheka nao. Sikujua kwamba kile kioo kinaniandalia changu.

Simu ya shemeji ilikuja mchana mmoja, mikate ikiwa nusu ya kuiva.

"Malenga, hiyo pampu inafanya nini kila mchana? Huku kwangu inaonyesha inakula umeme kama kiwanda cha chuma."

"Inajaza tangi, shem."

"Tangi au ziwa?"

"Maji siku hizi hayana nguvu. Yanapanda kwa kusitasita."

Nikajiona hodari. Kisha akasema kwa sauti ya upole, na upole wake ndio ulionimaliza:

"Pole sana, ndugu yangu. Kumbe mnahangaika na hamsemi. Basi nitaiwekea kikomo. Mchana nusu saa tu, inajizima yenyewe, haiwaki tena mpaka kesho. Tusije tukaiunguza pampu ya Mama."

Nusu saa! Oveni yangu nusu saa ndiyo kwanza inapata moto. Kesho yake mikate ilitoka myeupe, imenywea, katikati inanata kama gundi. Ya kesho kutwa vivyo hivyo. Nilisimama mbele ya kile kioo cha ukutani nikakigusa, nikakisugua, nikakisomea kisanduku mstari wangu kupitia dirisha la ukumbi linalotazama uani mpaka koo likakauka. Kisanduku kikatoa milio mitatu mifupi. Hiyo ndiyo lugha yake ya kukataa.

Ningekuwa na kitufe! Kitufe kimoja cha plastiki, cha kubonyeza kwa kidole kama mtu yeyote duniani!

"Mwambie kaka ukweli," mke wangu akasema.

"Nikimwambia, Mama anajua. Mama akijua, tunalala nje."

"Mama hawezi kunilaza nje na tumbo hili."

"Wewe hatakulaza. Mimi?"

Akachukua kile kikate kilichonywea, akakibonyeza, kikabaki na alama ya kidole chake.

Siku hiyo hiyo Mama Mizani akapiga. "Kesho mchana nakuja. Nataka kuuona mkate ukitoka motoni. Kuna mwingine ananisumbua anautaka ufunguo, na sipendi kusumbuliwa."

Nikampigia shemeji. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshakua, ukahitaji mwenzake.

"Shem, kesho naomba uondoe kikomo. Naosha tangi, pampu itafanya kazi muda mrefu."

"Unaosha tangi peke yako? Wewe kweli mwanaume! Basi kikomo naondoa. Na kesho hiyo hiyo namtuma fundi wa pampu aje aikague. Nitamwambia Mama asiende kliniki, abaki ampokee."

Nikabaki na simu sikioni, imeshakatika, bado naitikia, "Sawa, shem. Sawa."

Kesho yake ikafika, na mama mkwe yuko kitini pake ukumbini, uso mlangoni, fimbo mapajani. Kisanduku kiko juu ya kichwa chake. Mimi niko uani na unga ulioumuka unanisubiri, na mdomo wangu hauwezi kutamka mstari wa moto bila yule mama kuusikia.

Nikatumia simu. Mgeni ana ruhusa ya kuwasha. Oveni ikaguna, taa yake nyekundu ikawaka, nikaingiza mikate. Nilimwambia Mama Mizani apitie geti dogo la pembeni, eti njia ya mbele ina matope. Matope hayakuwepo. Hilo nalo mliandike.

Akaja, mkoba kwapani. Akanusa kabla hajasalimia.

"Harufu imekaa vizuri. Hapa ndipo unapookea? Ndani ya kibanda cha pampu?"

"Kwa muda tu, Mama. Pakavu, pasafi, pana umeme wa kutosha."

Akapitisha kidole juu ya meza yangu, akakitazama. Kisafi. Akainama kwenye kioo cha oveni. Mikate ilikuwa inapanda mgongo, inaanza kupata rangi. Wallahi, ilikuwa mizuri. Nilihisi ufunguo umeshaingia kiganjani.

Simu ikalia.

"Malenga, fundi amefika?"

"Bado, shem."

"Mbona naona pampu inanguruma? Haijakaguliwa hiyo! Naizima na kuifunga kutoka huku, asiiwashe mtu asiye Mwenyewe; fundi akija nitaifungua. Usiiguse kabisa."

"Shem, ngoja, shem..."

Taa nyekundu ikazimika. Oveni ikashusha pumzi kama mtu aliyekata tamaa.

"Imekuwaje?" akauliza Mama Mizani.

"Umeme, Mama. Sasa hivi unarudi."

"Mbona redio ya jirani inaimba?"

Mke wangu alikuwa ameshuka na beseni la nguo. Alinikuta nimeshika bisibisi, ncha yake nimeshaiingiza ukingoni mwa kioo cha swichi.

"Weka chini."

"Ni waya mbili tu. Nazikutanisha, mikate inaiva, nazirudisha."

"Ndivyo ulivyosema siku ile." Hakupaza sauti. Macho yake yalikwenda kwenye ubavu wa oveni uliobabuka. "Uliniapia."

Nikaiweka bisibisi chini. Kuta za kile kibanda zilinisogelea. Mbele yangu mwenye ufunguo, nyuma yangu kiapo, juu yangu mama mkwe, na mbali huko kidole cha shemeji kimekaa juu ya kila swichi ya nyumba. Nikaupeleka mdomo kwenye dirisha la kibanda, linalotazamana na la ukumbi, liwalo na liwe.

"Amka moto amka, unga umeshaumuka!"

Milio mitatu mifupi.

Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nihamie pale. Nikasikia fimbo ikigonga ngazi za saruji. Moja. Nyingine. Mama mkwe anashuka. Anashuka polepole, mkono ukutani, magoti yanapinda na kunyooka, na anashuka huku anasema kwa sauti ya mtu anayejua mistari yake:

"Amka moto amka... unga umeshaumuka."

Hakuna aliyesogea.

Akafika chini, akajifuta jasho, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mlidhani kule kliniki naenda kutazama dari?" Akaingiza kichwa kibandani. "Kumbe pampu yangu inaumua unga."

"Mama, nisamehe, nilikuwa..."

"Nyamaza kwanza. Nimejua tangu wiki ya kwanza. Magoti ndiyo mabovu, pua ni nzima. Kila jioni naletewa mkate, naambiwa umenunuliwa barabarani, na siagi inayeyuka juu yake yenyewe. Barabara gani hiyo yenye joto namna hiyo?" Akamgeukia bintiye. "Na wewe, eti unapunga upepo."

Mke wangu akatazama beseni.

Mama mkwe akachomoa simu yake kiunoni, akaisogeza mbali na macho, akabonyeza kwa kidole gumba kama aliyefanya hivyo maisha yake yote. Oveni ikaguna. Taa nyekundu ikawaka.

Sijui niliwahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yule wakati ule. Nilitaka kumtungia utenzi mzima, niufundishe kila kisanduku duniani.

"Karibu, mama mwenzangu," akamwambia Mama Mizani. "Ungoje uive. Umeufuata mkate tu?"

"Na kumpa huyu ufunguo, nikiridhika."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa duka na chumba, kule hosteli. Hajakwambia? Anahama."

Utenzi ukanikauka kinywani.

Mama mkwe hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alishika fimbo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza nikamwona amezeeka.

"Unahama," akasema.

"Mama, nilitaka mtoto..."

"Na binti yangu anahama. Na mjukuu ambaye sijamwona anahama." Akavuta pumzi. "Nilikuwa peke yangu humu kabla yenu. Mwanangu wa kiume ni sauti ya simu. Taa nilikuwa naziacha zinawaka usiku kucha, watu wakadhani ni magoti. Si magoti. Niizime taa, nibaki gizani, nimwambie nani kwamba nimezima? Oveni nilikukataza ndani, nikakuona unaificha uani, nikasema moyoni, acha aifiche, akiwa na cha kuficha atakaa. Nikanyamaza nile mkate wangu wa barabarani."

Akainua simu. Kidole gumba kikatua juu ya kioo chake.

"Sasa sikiliza, mwanangu. Hapa naona pameandikwa Mgeni. Nikibonyeza mara moja, unakuwa Mwanafamilia. Oveni utaiingiza jikoni kwangu, mlango mkubwa, mchana kweupe. Na kijana wangu nitamweleza mwenyewe. Sema tu unakaa."

"Na nikisema siwezi, Mama?"

"Nazima. Swichi ni yangu."

Nikamgeukia Mama Mizani. Yeye alikuwa anatikisa kichwa.

"Nilikwambia tangu mwanzo. Anayeoka kwa watu simtaki, hata akiitwa mwanafamilia. Leo mmepatana, kesho hamsalimiani. Mimi nataka mkate uliokamilika na mtu aliye kwake."

Basi mnaona nilivyokamatwa. Nikisema nakaa, mkate unaiva na ufunguo unakwenda. Nikisema naondoka, oveni inazimwa, mkate unaharibika, ufunguo unakwenda vilevile. Milango yote miwili ilikuwa wazi mbele yangu, na yote inaingia chumba kimoja. Na ndani ya oveni migongo ya mikate ilikuwa inageuka rangi ya dhahabu. Ilibaki kidogo tu. Kidogo sana.

Nikafungua mdomo. Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nikalikosa.

Sauti ikatoka nyuma yangu.

"Mama, izime."

Alikuwa mke wangu. Ameweka beseni chini. Mikono kiunoni, tumbo mbele, macho makavu.

"Unasemaje?" akauliza mamaye.

"Nimesema izime."

Mama mkwe alimtazama bintiye, na bintiye akamtazama, na wale wawili wakafanana kiasi cha kunitisha. Kidole gumba kikashuka. Taa nyekundu ikazimika.

Nikataka kupiga kelele. Ametuua, nikawaza. Ameuzima ufunguo ili abaki kwao, ndiyo "kwetu si jela" yake hiyo, amenifungia na kufuli. Kisha nikauona mshipa wa shingo yake unavyopiga, nikawaza kinyume chake: amekataa. Amekataa kununuliwa kwa swichi, hata na mama yake, hata mkate uharibike, hata tulale nje. Ni lipi kati ya hayo mawili? Tumelala mto mmoja miaka yote hii, na sikujua.

Yeye hakunitazama. Akachukua kitambaa changu cha kushikia moto, akainama kwa shida, akafungua mlango wa oveni. Mvuke ukampanda usoni. Akaivuta trei yote, mikate haijamaliza kuiva, akainuka nayo, akatoka kibandani.

Mama Mizani akafungua mkoba, akatoa mizani yake, akaishika tu.

Mbele ya nyumba mtu akagonga geti kubwa. "Hodi! Fundi wa pampu hapa!"

Hakuna aliyemwitikia.

Mke wangu alisimama katikati ya uani na trei mikononi, kulia kwake lile geti dogo la pembeni la kutokea nje, kushoto kwake ngazi za kurudi kwa mama yake. Akainua mguu.